Mzigo Mdogo

Graz, 8 Februari 2009

Mdogo wangu Vendelín,

Salamu zangu zipande mlima huo bila kuteleza, zikukute u mzima. Sisi huku tupo. Baridi imenuna lakini haijatuua. Mwanangu Silvia yuko darasa la mwisho, anasoma mpaka macho yamekuwa mekundu kama ya sungura, na ukimwambia ale anakujibu kwa Kijerumani. Mimi kazi ni ileile: nafua taulo za kliniki ya viungo, nazikunja, nazipanga, kesho yake zimechafuka tena. Silalamiki. Taulo hazina mdomo.

Simu yako nimeipiga mara tisa. Najua huko Nyumba ya Juu, kwa wageni wenu wa mlimani, hakuna mtandao, lakini unashuka bondeni kila siku kuchukua mizigo, Vendo, na bondeni simu inakamata. Basi nimeamua kuandika. Barua itafika posta, posta watampa Blažej, mpagazi mwenzako, naye ataipandisha juu ya magunia ya viazi mpaka mkononi mwako. Barua huwezi kuizima.

Mama kaniambia jambo Jumapili. Kasema ukija nyumbani unashuka ngazi kinyumenyume, umeshika ukuta, kama mtu anayeshuka mtini. Kasema alikuuliza, ukamjibu, "Mama, ndiyo mtindo wa siku hizi." Yeye akacheka. Mimi sikucheka.

Baba alianza hivyohivyo. Miaka thelathini na mmoja aliipandishia Nyumba ya Juu makaa, unga na bia, kisha visigino vikagoma, kisha miaka kumi na mmoja kwenye kiti cha dirishani, akiutazama mlima uliomtema. Siku ya maziko yake nilikuomba uache upagazi, nawe ukanijibu ulivyonijibu. Hayo tusiyarudie. Lakini nilisema sitaingia nyumba ile kumwona mwanamume mwingine kwenye kiti kile, na hapo nipo mpaka leo.

Niambie ukweli. Ni kisigino?

Dada yako,
Hermína

*

Nyumba ya Juu, 1 Machi 2009

Dada Hermína,

Shikamoo. Barua yako imekaa bondeni siku nane kwa sababu ya theluji, halafu Blažej akaileta imelowa mafuta ya kupikia, kwa hiyo ukurasa wa pili nimeusoma kwa kuulamba. Mama hajambo. Kamuuza yule kondoo dume mkorofi, na sasa anamlilia kama mume wa pili. Mbwa wa mzee Imrich, mwenye Nyumba ya Juu, kazaa watoto sita chini ya jiko. Mwambie Silvia mimi darasa la mwisho nilimaliza bila macho kuwa mekundu, ila alama zangu asiziulize.

Jana kwenye miamba mtalii mmoja alinisimamisha. Anahema kama mvukuto, na mgongoni ana kijimkoba cha maji. "Bwana, mzigo huo si mzito?" Nikamjibu, "Mdogo tu." Zilikuwa kilo themanini na mbili, na juu yake nimefunga ngazi ya bati. Unaijua sheria yetu. Mpagazi hasemi mzigo ni mzito. Hamsini ndiyo mdogo wenyewe, themanini nao ni mdogo, mia ni mdogo ila leo kuna upepo. Baba alikuwa akisema, mzigo ukiuita mzito unakusikia.

Haya, kisigino. Ni cha kulia. Usianze kulia.

Asubuhi nikikanyaga sakafu ni kama nimekanyaga msumari, nyuma hapo, vidole viwili juu ya kisigino. Nikitembea saa moja kinapata moto, kinanyamaza, napanda vizuri. Jioni kinadai chake. Pana kinundu kama harage, na ukikibonyeza naona nyota. Huu mwaka wa pili sasa. Nimefunga majani ya kabichi, nimesugua spiriti ya mnanaa, Mama kanipaka mafuta ya bata bukini mpaka mbwa wote wakawa wananifuata. Novemba nilipumzika wiki tatu nzima, nikakaa kama bwana harusi. Kikapona! Nikabeba mzigo wa kwanza, kikarudi siku hiyohiyo, na hasira juu.

Ndiyo hivyo. Sasa wewe mfua taulo unifundishe kutembea.

Mdogo wako,
Vendelín

*

Graz, 15 Machi 2009

Mdogo wangu,

Ahsante kwa kusema. Miaka yote baba hakusema, na unajua msemo, mficha maradhi kifo humuumbua. Huku theluji imeyeyuka, Silvia kafaulu hesabu, mimi nimeungua mkono kwa pasi lakini kidogo.

Nilimngoja Bibi Renate, mkuu wa kliniki, amalize wagonjwa wake, nikamwambia nina ndugu mpagazi. Akaniuliza, mpagazi wa nini? Nikamwambia wa kila kitu. Tukakaa saa nzima, chai ikapoa.

Anasema hiyo ni kano ya kisigino, na imechakaa nyuzi kama kamba ya kisima. Kamba hiyo hairudishwi na kabichi. Kupumzika tu hakutoshi, maana kano iliyolala inazidi kuwa dhaifu, ndiyo maana Novemba ilikudanganya. Kipande cha raba chini ya kisigino ndani ya kiatu kitakupunguzia maumivu, kitie. Ipo mashine inayoigonga kano, taktaktak, wagonjwa wanauma taulo zangu. Wengine inawafaa, lakini pamoja na mazoezi, si badala yake. Kisu ni cha mwisho, baada ya miezi mingi ya kujaribu mengine. Na ipo sindano. Sindano, Vendo, inazima maumivu wiki chache, watu wanatoka wanacheza, lakini kano chini yake inalegea na inaweza kukatika. Bibi Renate alinishika mkono aliposema hilo. Usichome.

Dawa yenyewe ni ngazi. Simama kwenye ukingo wa kidato kwa vidole, visigino hewani. Inuka kwa miguu yote miwili. Kisha hamishia uzito mguu mbovu peke yake, ushuke polepole, polepole kabisa, mpaka kisigino kipite chini ya kidato. Mara kumi na tano, upumzike, tena, upumzike, tena. Goti limenyooka, kisha urudie goti limekunjwa. Asubuhi na jioni, wiki kumi na mbili. Kitauma, na kuuma kiasi si vibaya. Kikiacha kuuma, vaa mkoba mgongoni utie mzigo mdogo, uongeze kidogo kidogo.

Na hizo wiki kumi na mbili upunguze mizigo ya kazi. Najua unacheka. Cheka, halafu upunguze.

Nataka nije Desemba, Vendo. Nataka nikukute umesimama.

Hermína

*

Nyumba ya Juu, 20 Aprili 2009

Dada Hermína,

Pasaka imepita salama. Mama katuma nyama ya moshi na mayai, Blažej kala mayai tisa peke yake halafu akaulizia mengine. Watoto wa mbwa sasa wanakimbia jikoni kote. Pole kwa mkono, weka yai.

Karatasi yako nimeipigilia ukutani, kwenye ngazi za kuingilia jikoni. Kila asubuhi nasimama pale, juu chini, juu chini, na hawa mahayawani wamenipa jina, wananiita Kuku wa Imrich. "Kuku ametaga?" "Bado, ana seti ya tatu." Siku kumi za kwanza niliumia mpaka nikalitukana jina la Bibi Renate, Mungu anisamehe. Halafu, dada, kitu kikabadilika. Wiki hii naamka, nakanyaga, hakuna msumari. Nilisimama nikakanyaga tena, nikidhani nimekosea mguu.

Basi nimeanza kutia mzigo. Nimeanza na mdogo, kama ulivyoandika.

Blažej ana swali. Anauliza ile sindano, je, kama mtu kachomwa tayari, tuseme mara mbili, na hasikii maumivu hata chembe, zoezi anaendelea nalo? Anauliza tu, kwa faida yake.

Desemba njoo. Mzee Imrich anasema nikivuka msimu huu wa joto mguu ukiwa mzima, Nyumba ya Juu ananiachia mimi niiendeshe. Miaka yake imekwisha, goti limemshinda. Lakini hamwachii mtu asiyeweza kupanda na mzigo wake mwenyewe. Nisipokuwa mimi, atamtafuta mgeni. Unaelewa sasa kwa nini sipunguzi.

Mdogo wako,
Vendelín

*

Graz, 4 Mei 2009

Mdogo wangu,

Nimefurahi kwa habari ya mguu, na kwa habari ya mzee Imrich. Baba angefurahi pia, ingawa asingesema.

Silvia ana mtihani wa mwisho tarehe kumi na nane, nyumba nzima tunatembea kwa vidole. Kliniki wameleta mashine mpya ya kufulia, inaimba ikimaliza. Jirani wa chini amefiwa na kasuku wake, tumempelekea keki.

Mwambie Blažej kwamba aliyechomwa sindano asitie mzigo hata kilo moja kwa wiki kadhaa, arudi kwa daktari, na aseme ukweli wote. Kutosikia maumivu si kupona. Mwambie hivyo. Ingawa Blažej namjua tangu anatambaa, na visigino vyake ni vizima kama vya mbuzi.

Jitunze.

Hermína

*

Graz, 12 Juni 2009

Vendo,

Wiki tano hakuna barua. Mama kwenye simu anasema "hajambo, hajambo" halafu anakata. Tangu lini Mama anakata simu?

Sina salamu leo. Nina swali moja, na lilipaswa kuja mapema. Ule mzigo mdogo uliotia mkobani, ni kilo ngapi?

Nijibu.

Hermína

*

Ždiar, 27 Juni 2009

Dada Hermína,

Shikamoo. Mama hajambo kwa kweli, ni mimi niliyemkataza kusema, usimgombeze. Barua zako mbili, ya Mei na ya Juni, Blažej kanipa kwa pamoja. Ile ya Mei ilikwama bondeni, daraja lilipochukuliwa na maji. Ilinipita wakati nilipoihitaji.

Naandika nikiwa nyumbani kwa Mama. Nimekaa dirishani. Kwenye kiti ndiyo, hakuna kingine chenye mahali pa kuinulia mguu.

Blažej hakuchomwa sindano yoyote. Nilichomwa mimi, Machi mwishoni na tena Aprili, na daktari mmoja wa mjini ambaye hakuniuliza hata kazi yangu ni ipi, nami sikumwambia. Nilitaka mguu wa haraka. Msimu unaanza, Imrich ananitazama ninavyopanda. Ule msumari ulioondoka ghafla, nilikuandikia kama ni zoezi lako. Halikuwa zoezi. Ilikuwa sindano. Mazoezi niliyafanya pia, sikosi, lakini nilikuwa nafanya juu ya mguu usiokuwa wangu.

Umeuliza kilo. Sikuwa na mkoba. Nilitia kwenye fremu ya mbao ya kubebea mizigo mgongoni, ileile ya kazini ya baba. Nilianza na mdogo, hamsini na mbili. Wiki nzima sikusikia kitu, nikaongeza kidogo kidogo kama karatasi inavyosema, nikafika sitini.

Tarehe ishirini na nane Mei, asubuhi, seti ya pili. Nikasikia kama tawi kavu limevunjika, na mtu kanipiga teke nyuma ya mguu. Nikageuka nimtukane Blažej. Blažej alikuwa upande wa pili wa jiko, anamenya viazi, ananikodolea macho. Hapo nikajua kano imekatika. Nilikaa kwenye kidato, na kisigino kikawa kinaning'inia kama si changu.

Helikopta isingekuja, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Blažej akatoa magunia kwenye fremu.

"Kaa," akasema.

"Sikai. Mimi si pipa."

"Vendo, ukae mwenyewe, au nikufunge kamba kama pipa la bia. Chagua."

"Kilo tisini na nne, mjinga wewe. Na mawe yamelowa."

"Nimekuuliza kilo?"

Nikakaa. Nimebeba mizigo ya watu miaka ishirini na sita, sikuwahi kuwa mzigo. Unatazama nyuma, dada, unaona njia inakukimbia, na unasikia pumzi za mwenzako mgongoni mwako. Pale kwenye miamba tulipishana na wanawake watatu, watalii. Mmoja akatuhurumia, akamwuliza Blažej, "Maskini, si mzito huyo?"

Blažej alikuwa anatetemeka miguu. Niliisikia ikitetemeka. Akamjibu, "Mdogo tu."

Nikavuta kofia usoni, nikalia mpaka bondeni. Najua alisikia.

Wamenipasua, wakaishona kano. Daktari wa upasuaji kasema nyuzi zilikuwa kama pamba iliyolowa. Nitatembea. Baada ya mwaka pengine nitatembea bila kuchechemea. Mzigo, basi. Mzee Imrich kaja na chupa ya pombe ya mreteni, tukanywa, hakutaja Nyumba ya Juu hata mara moja, na ndivyo nilivyojua ameshampata mtu.

Usijilaumu kwa karatasi yako. Niliifuata neno kwa neno.

Mdogo wako,
Vendelín

*

Graz, 5 Julai 2009

Vendo wangu,

Silvia kafaulu. Nakwambia hilo kwanza, maana nikimaliza hii huenda usitake tena habari zangu.

Umeandika nisijilaumu. Ngoja nikupe sababu.

Bibi Renate hakusema "mzigo mdogo". Alisema kilo tano. Alinyoosha vidole vitano, hivi, mbele ya uso wangu. Nilipofika hapo kwenye barua kalamu ikasimama. Nikajiambia nikiandika kilo tano atacheka mpaka wenzake waje kuangalia, karatasi atawashia jiko. Nikaandika "mdogo". Nikaona nimepata neno la heshima.

Hilo ni kosa, na kosa lina samahani yake. Linalofuata sijui lina nini.

Uliponijibu "nimeanza na mdogo, kama ulivyoandika", nilikuwa nimesimama kwenye mashine ya kufulia. Nilielewa palepale. Nimezaliwa nyumba ileile uliyozaliwa wewe. Nimemwona baba akiingia na uso umekuwa wa bluu, Mama akimwuliza ulikuwa kiasi gani leo, naye akisema mdogo. Nilijua si tano. Nilijua ni hamsini, Vendo. Na sindano ya "Blažej" niliijua ni ya nani.

Nikaiweka barua mfukoni wiki nzima. Ningeweza kupiga simu kwa Mama siku ileile, akamtuma mtu. Nikakuandikia habari za kasuku.

Kwa sababu nilitaka kikuume. Si kikatike, Mungu ni shahidi yangu, kikuume tu, kiasi cha kukushusha. Nilisema moyoni, acha mguu umwambie anachokataa kuambiwa na dada yake. Nilikuwa na hasira na wewe tangu maziko ya baba, na nikauachia mguu wako unilipie. Kisha hofu ikanikamata Juni, nikauliza kilo ngapi, na wewe ulikuwa umeshakaa kwenye kiti.

Wagonjwa wa hapa wanaingia wanachechemea, wanatoka wanatembea. Mimi nafua taulo zao, na kila taulo naiona ya kwako. Sijui kuomba radhi kwa jambo kama hili. Naomba.

Hermína

*

Ždiar, 19 Julai 2009

Dada Hermína,

Shikamoo. Mama kapika halušky, vile vidonge vya viazi na jibini la kondoo, leo, kazimwaga nusu kwa sababu mimi silali vizuri na yeye halali vizuri. Blažej kaleta mtoto mmoja wa mbwa, kamwita Kuku.

Barua yako ilifika Jumanne. Nimeisoma, nikaitupa nyuma ya jiko. Siku mbili nilikutukana kwa sauti, dada, sitakuficha, mpaka Mama akafunga dirisha majirani wasisikie. Siku ya tatu nikaitoa nyuma ya jiko kwa fimbo ya baba, nikaifuta vumbi, nikaisoma tena.

Ungeandika kilo tano ningecheka. Hilo kweli. Ningeitwa Kuku mpaka kaburini. Na ungenipigia simu nisingepokea. Hilo nalo kweli. Hayo mengine ni yako, siwezi kukubebea, na yangu nayo huwezi kunibebea.

Nimeanza mazoezi ya chini, yale ya mgonjwa aliyeshonwa, mguu umelala kitandani, vidole juu, vidole chini, basi. Mnyooshaji viungo wa hapa ni msichana mdogo. Aliponiambia "polepole" nilimwuliza polepole ni sekunde ngapi. Akashangaa. Nikamwambia kwetu lazima tuulize.

Kiti cha baba nilitaka Blažej akipasue kuni, Mama akakataa. Basi tumekigeuza. Hakitazami mlima tena, kinatazama barabara, pale basi linaposimama. Linafika saa tisa na robo. Nimekuwa nikiliangalia.

Na huo mzigo uliouweka kwenye barua, miezi yote umekaa nao peke yako. Nimeushika, nimeutia mgongoni, nimeupima.

Mdogo tu.

Mdogo wako,
Vendelín